Mwanafunzi Wangu Alitaka Kusema Kweli, Nikamwambia Tuombe Kwanza

Barua hii niliijibu kabla ya kuichapa, kwa sababu ndani yake kulikuwa na mtu asiye na nafasi ya kusubiri zamu yake gazetini. Naitoa leo kwa ruhusa ya aliyeiandika na ya wanafunzi wake wawili.

*

Mshauri wetu mpendwa, naomba msaada wako, na ikiwezekana naomba usinicheke, maana mimi ni mtu mzima, mwalimu wa chuo cha uuguzi, mke wa mtu na mama wa watoto wanaoanza kuniazima viatu, na bado nimekaa hapa nakuandikia huku kamasi zinanitoka kama msichana aliyeachwa na mchumba.

Nianze mbali kidogo ili unielewe. Chuo ninachofundisha ndicho nilichosomea, na hospitali tunayopeleka wanafunzi wetu ndiyo hiyo hiyo niliyojifunzia kutandika kitanda na kumgeuza mgonjwa bila kumuumiza, na enzi zetu sisi wanafunzi Wakristo tulikuwa na ushirika wetu. Hatukuwa na ukumbi, tulikutana Jumapili alasiri katika chumba cha mashuka nyuma ya wodi ya wanaume, chumba kirefu chembamba chenye rafu mpaka darini, kimejaa harufu ya sabuni na pasi ya moto, harufu ambayo hadi leo nikiinusa popote machozi hunilengalenga. Tulikalia mafurushi, tukaimba nyimbo za kitabuni kwa sauti zote nne, na kwa sababu ya mashuka yale yote sauti hazikutoka nje, zilibaki na sisi mle ndani kama zimefunikwa blanketi, na nakuambia kweli, sijawahi tena kuimba hivyo.

Mlezi wetu alikuwa sista msimamizi wa wodi hiyo, sasa ni marehemu, tulimwita Mama Raba kwa sababu ya viatu vyake vya raba visivyo na mlio. Ungeweza kumsengenya tangu kitanda cha kwanza mpaka cha mwisho, ukigeuka unamkuta nyuma yako ameshika chombo cha mkojo, anakusikiliza kwa utulivu kabisa. Kila mmoja alikuwa na mistari yake ya kukariri, na ikifika saa kumi Mama Raba alifunga mlango kwa ndani, ufunguo ukarudi kiunoni kwake, maana mashuka ya hospitali siku zile yalikuwa na miguu. Tulimwogopa na tukampenda. Nakumbuka Jumapili moja hakutokea kabisa, tukasimama nje ya mlango uliofungwa mpaka tukachoka, tukaenda kumtafuta, tukamkuta wodini ameinamia mgonjwa anayetapika, akatutazama bila hata kunyanyuka akasema, "Mmoja ashike beseni, mmoja alete shuka safi, wengine nendeni mkaimbe." Basi tukaenda kuimbia barazani. Hayo ndiyo maisha yaliyonilea, Mshauri, na nilipoolewa, nilipozaa, nilipomzika mama yangu, nilisimama kwa sababu ya chumba kile.

Sasa niliporudi kufundisha nikapewa ulezi wa ushirika huo huo, na nilichokikuta kilinivunja moyo, vijana wamejazana kwenye ukumbi wa mihadhara, mapambio yanapigwa kutoka kwenye simu, huyu anaingia katikati ya maombi na chupa yake ya maji, yule anatoka kabla ya baraka, nikasema hapana, hawa watoto lazima wapate tulichopata sisi. Nikamwomba matroni kile chumba cha mashuka, ambacho kilikuwa kimegeuzwa stoo ya vitanda vibovu, tukakisafisha, nikapiga rangi kwa mikono yangu, nikarudisha nyimbo za kitabuni, nikarudisha kukariri, na ikifika saa kumi nafunga mlango, aliye nje abaki nje. Walipungua, sikatai, lakini nilijiambia heri wachache waliosimama.

Kulikuwa na binti mmoja wa mwaka wa pili, wenzake wanamwita Kicheko, maana akicheka wodini hata aliyetundikiwa dripu anacheka bila kujua kisa. Huyo alikuwa anachelewa kila Jumapili akiwa zamu, anagonga, namwacha anagonga mpaka anachoka. Siku moja nikamfungulia ili nimkemee mbele ya wenzake.

"Ulikuwa wapi?"

"Wodini, mwalimu. Kuna mzee alikuwa hajala."

"Wenzako nao wana wagonjwa. Mbona wamewahi?"

"Sijui, mwalimu." Akasita kidogo. "Samahani nikuulize. Unatulea sisi, au unalea kumbukumbu zako?"

Nilimwambia atoke, akatoka, hakurudi tena, na nikiri kwamba nilifurahi.

Mwingine ni kinyume chake, tunamwita Kinanda kwa ajili ya sauti yake, hajawahi kuchelewa hata mara moja, mistari anayo yote kichwani, na nikimsikia akiimba mle chumbani naona wenzangu wa zamani wamekaa kwenye mafurushi. Tunatayarisha sherehe ya kumbukumbu ya kuanzishwa kwa ushirika, wanafunzi wa zamani watakuja kutoka kila upande, wengine ni wakuu wa hospitali sasa, na Kinanda ndiye nimempanga aongoze wimbo wa Mama Raba, ule alioupenda.

Jumapili iliyopita Kinanda na Kicheko walikuwa zamu moja wodi ya wanaume. Utaratibu ni kwamba mwanafunzi anaruhusiwa kuja ibadani akishamkabidhi mwenzake wagonjwa wake. Upande wa Kinanda alilazwa mzee mmoja fundi cherehani, aliyetoka kupasuliwa tumbo, hakutakiwa kusimama peke yake. Kinanda aliingia ushirikani saa kumi kasoro dakika mbili, anahema, akaimba vizuri kuliko siku zote. Na wakati sisi tunaimba yule mzee aliita, hakuna aliyemjibu, muuguzi wa zamu alikuwa anapokea majeruhi, Kicheko alikuwa mwisho wa wodi nyuma ya pazia anamwogesha mgonjwa, basi mzee akajikongoja kwenda chooni, akaanguka, nyonga ikavunjika.

Matroni alipouliza, Kinanda akasema alimkabidhi Kicheko. Kicheko akasema hakuambiwa neno. Na kwa kuwa Kicheko alishapewa onyo mara moja kwa makelele, na Kinanda ni Kinanda, kila mtu akajua wa kumwamini. Kamati ya nidhamu inakaa Jumatano ijayo, na wanasema Kicheko atafukuzwa.

Jana Kinanda alikuja ofisini kwangu, akafunga mlango, akakaa, akaanza kukunja kona ya sketi yake.

"Mwalimu, sikumkabidhi mtu."

"Unasemaje?"

"Nilikimbia. Nilimwona Kicheko yuko nyuma ya pazia, nikaona nikimsubiri nitachelewa."

"Sasa kwa nini usingesubiri, mwanangu?"

Akanitazama kama mtu anayeshangaa kuulizwa. "Ungefunga mlango."

Akaniambia anataka kwenda kwa matroni kabla ya Jumatano. Na mimi, mwalimu wake, mlezi wake wa kiroho, nikamwambia, "Usikurupuke. Nyamaza kwanza, tuliombee." Nikamshika mikono nikaomba, maombi marefu tu, na nilipomaliza nilisema amina peke yangu. Aliondoka bila kuniaga.

Nawaza mengi. Nawaza jina la ushirika, na mkuu wa chuo anakitaka kile chumba, akisikia hili amepata sababu. Nawaza sherehe. Nawaza Kinanda ni yatima wa baba, akifukuzwa mama yake atakuwa mgeni wa nani. Halafu naye alinieleza kwa siri, je, naruhusiwa kuitoa siri ya mtoto? Na zaidi ya hayo yote najiuliza nimekosea wapi, mbona sisi chumba kile kilitujenga na hawa kinawabomoa, nifanye nini ili vijana hawa wawe na imani kama tuliyokuwa nayo sisi? Nisaidie, kichwa kinaniuma na usingizi sina.

Ni mimi, Mlezi aliyechanganyikiwa

*

Mwalimu,

Pole. Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma kwa raha, maana umenirudisha mbali. Mimi nami nina chumba changu cha mashuka. Kwangu lilikuwa jiko la shule ya bweni, tulikoimba tukichambua maharage, na mpishi akitupigia mdundo kwa mwiko. Najua unachokilia. Hakuna ubaya kukililia.

Mara ya pili niliisoma nikiwa nimekasirika. Umeniandikia kwa mapana juu ya harufu ya pasi, halafu mistari michache juu ya mzee aliyelala na nyonga iliyovunjika. Hukuniambia hata anaendeleaje. Umekwenda kumwona? Nakisia hujakwenda, na nakisia unajua kwa nini.

Tuanze na Mama Raba, maana ndiye unayejificha nyuma yake. Unasema alifunga mlango. Soma tena barua yako mwenyewe: alifunga kwa sababu mashuka yalikuwa yanaibwa! Mama wa watu alikuwa analinda mali ya hospitali, wewe umeuchukua ufunguo wa stoo ukaufanya amri ya Mungu. Na Jumapili ile ya beseni, nani aliyekosa ibada? Mlezi wenu. Aliwaacha mmesimama nje kwa sababu mtu alikuwa anatapika, wala hakuwaomba radhi. Sasa niambie, katika wanafunzi wako wote, ni nani anayefanana naye? Ni yule uliyemwacha anagonga.

Chumba hakikuwajenga, dada yangu. Mliimba humo Jumapili, lakini siku nyingine zote mlikuwa mnamtazama mwanamke yule akifanya kazi. Imani yake mliiona kwa macho, kwenye vitanda, na nyimbo zikaja kukipa maneno kile mlichokwisha kukiona. Wanafunzi wako umewapa nyimbo. Je, wamekuona wewe wodini lini mara ya mwisho, umeinama?

Kuhusu maombi, sitakudharau hata kidogo, mimi mwenyewe naomba. Lakini mtu huweza kuomba ili apate ujasiri, na huweza kuomba ili apate muda. Binti alikuja kwako ameshika kweli mkononi, tayari kuitoa, kazi ngumu ameshaifanya. Wewe ukamfumbisha macho. Ndiyo maana hakuitikia amina. Mtoto ana akili.

Unaniuliza juu ya siri. Siri ya mtu huitunzi kwa gharama ya mtu mwingine asiye na kosa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo chenyewe kinamwendea Kicheko. Hata hivyo usiende kumshitaki Kinanda kwa mlango wa nyuma. Mwendee yeye kwanza, kesho asubuhi kabla ya vipindi. Mwambie kwa maneno haya, usiyapambe: "Nilikosea nilipokuambia unyamaze." Kisha nendeni pamoja kwa matroni. Yeye aseme la kwake kwa kinywa chake, wewe usimsemee, usimsafishie, usimlilie. Halafu useme la kwako: kwamba kuna mlango uliufunga, na watoto walijifunza kuuogopa kuliko walivyomwogopa Mungu. Akisita kwenda, mwambie wazi kwamba wewe utakwenda, na kwamba Kicheko hatasimama mbele ya kamati kwa kosa lisilo lake ilhali wewe unajua. Mpe nafasi ya kutangulia. Usimpe nafasi ya kukwepa.

Ukitoka hapo nenda kwa Kicheko. Usiende na Maandiko. Usiende kulia ili yeye akubembeleze. Omba radhi, kisha nyamaza, na lolote atakalosema lipokee. Kisha nenda kwa yule fundi, ukae kwenye kiti, sio kusimama mguuni pa kitanda kama mkaguzi.

Sherehe? Iwe bila Kinanda. Wageni wako wakubwa wataimba wenyewe, hata kama sauti zimeota kutu. Chumba kikichukuliwa, kichukuliwe. Mlikwisha kuimbia barazani na mbingu hazikuanguka.

Na hao vijana, endelea kuwakaririsha, mstari alionao mtu kichwani humfaa siku ambayo mwanga umezimika. Lakini kabla hujawafundisha kitu kingine, waulize ni wapi wanashindwa kuwa Wakristo. Ni kwenye mtihani? Ni kwa yule wanayelala naye chumba kimoja asiyeoga? Ni kwa mgonjwa anayetukana? Anzia hapo watakapokuonyesha. Wakikuuliza na wewe unashindwa wapi, sasa unalo la kuwajibu.

Usinijibu kabla hujakwenda.

*

Mshauri, nimekwenda.

Imepita miezi miwili na sikukuandikia mapema kwa sababu nilitaka nikuandikie habari yenyewe badala ya machozi. Nilipomwambia Kinanda yale maneno alisema, "Nilidhani utaniambia Mungu amekuonyesha tusiseme." Niliona aibu ambayo sijui jinsi ya kuieleza. Tulikwenda kwa matroni, akasema yote akiwa amesimama, sauti yake ile nzuri ikawa kama ya mtu aliyekabwa. Nikasema na mimi. Matroni alituangalia mmoja mmoja, akaniambia, "Wewe ndiye uliyenishangaza zaidi."

Kicheko alifutiwa shitaka. Kinanda amesimamishwa mpaka muhula ujao, akirudi atarudia zamu zote za wodi ya wanaume. Kamati ilisema angekuwa amefukuzwa kama asingekuja mwenyewe. Mimi nimepewa barua ya onyo na nimeiweka kwenye droo ya juu, nikifungua kutafuta kalamu naiona. Chumba kimechukuliwa.

Kwa Kicheko nilikwenda kama ulivyosema, bila Maandiko. Alikuwa anafua. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anakamua gauni la kazi, akasema, "Mwalimu, sitasema nimekusamehe leo, nitakuwa nakudanganya. Lakini kaa, nichemshe chai." Nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, tukanywa chai, hatukuongea sana.

Yule fundi alinipa shida zaidi. Alisikiliza toba yangu yote, akaniuliza, "Kwa hiyo nilianguka kwa sababu ya kwaya?" Nikasema ndiyo, mzee. Akasema, "Basi angalau mngeimba kwa sauti nikasikia." Sikujua nicheke au nilie.

Ushirika sasa tunakutana popote penye viti. Jumapili ya kwanza niliwauliza lile swali lako, mmoja akasema anashindwa kumvumilia mgonjwa anayenuka, mwingine akasema anadanganya nyumbani kuhusu matokeo yake, na tulipoinuka kulikuwa kumeanza kuingia giza na hatukuwa tumeimba hata ubeti. Hawajawa kama sisi. Nimeacha kuwapima kwa rula hiyo, ingawa siku nyingine, nikipita karibu na chumba cha dobi wa hospitali na ile harufu ikinijia, nasimama kidogo, sikufichi.

Kinanda hana ruhusa ya kuvaa gauni la kazi, lakini saa za kutazama wagonjwa ziko wazi kwa kila mtu, basi amekuwa akija na nguo za nyumbani, anakaa na yule fundi, anamkata kucha, anamsomea gazeti. Hakuna aliyemtuma. Wiki iliyopita nilipita wodini jioni nikamkuta mzee anafanyishwa mazoezi ya kutembea, amewekwa vyuma kwenye nyonga na daktari anataka afike dirishani na kurudi. Kicheko alikuwa zamu, amemshika upande mmoja. Aliangaza kutafuta wa kumsaidia upande wa pili, na aliyekuwa karibu ni Kinanda peke yake. Walitazamana. Kicheko akasema, "Mshike chini ya kwapa, sio mkono, utamtegua." Kinanda akamshika.

Wakaenda hivyo, hatua fupi fupi, na naona kwa wasiwasi wale mabinti wawili walikuwa wanaongeza mwendo bila kujijua, mpaka mzee akasimama katikati ya wodi, akawatazama mmoja kulia, mwingine kushoto.

"Taratibu, wajukuu zangu," akasema. "Leo hakuna anayewahi ibada."

Kinanda aliinamisha kichwa. Nilidhani analia. Halafu Kicheko akapasuka kwa kicheko chake kile, na Kinanda akainua uso, naye alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka, na vitanda vya pande zote mbili vikaanza kucheka bila kujua kisa, na mzee, ambaye tumbo lilikuwa bado linamuuma akicheka, akawa anawakemea wanyamaze, wampeleke dirishani.